Trela Yetu Iliyoitwa Lori

Kaka yangu aliagwa Jumapili, na Jumatatu jioni alikuwa bado yuko Nateete, amejifungia chumbani kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Kuagwa kwetu sisi Wakenya wa Kampala si jambo la kupungiana mikono. Ukitangaza kwamba umechoka kuhangaika na unarudi nyumbani ng'ambo ya Busia, watu wa kanisa wanakuandalia ibada, wanakupikia, wanakulilia na wanakupa vitu. Kaka alipewa blanketi zito, saa ya ukutani, na mbuzi ambaye aliliwa palepale. Hajjat, mama wa Kinubi ambaye ndiye mwenye vyumba tulivyopanga na kibanda alichofanyia kaka kazi, alimpa kawa la kufunikia chakula, alilolisuka mwenyewe kwa rangi zote alizoziumba Mungu na mbili alizozisahau. Machozi yaliyomwagika siku ile yangeosha teksi zote za Nateete, ndani na nje. Baada ya hapo huwezi kuonekana sokoni unabonyeza nyanya. Ukishaagwa, ondoka.

Na tulijaribu kuondoka. Tatizo lilikuwa mashine.

Kaka alikuwa msaga mahindi. Alikuwa na kinu chake na injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya zamani yenye magurudumu mawili ya chuma ubavuni, nzito kama dhambi za ukoo mzima. Ilipoanza kuunguruma alfajiri, majogoo wa mtaa waliacha kazi, kwa kuwa hakuna aliyewasikia. Alikuja Uganda kijana, amekaa juu ya magunia kwenye lori la mtu, na alikuwa ameapa kwamba atarudi kwa gari la nyumbani, mashine yake ikiwa nyuma. Mama yetu yu hai, mzee sana, macho yamemwishia lakini masikio bado. Kaka alimwahidi kwenye simu kwamba atamfungia mashine kando ya nyumba, na kwamba siku atakapoiwasha, mama atajua bila kuambiwa kuwa mwanawe wa kwanza hakupotea bure ugenini. Ahadi hiyo ilimkaa kifuani. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumsaliti, na alitaka kufika angali anaweza kuzungusha mkono wa kuwashia.

Mimi nina pikapu. Ndiyo inayonilisha: makochi, saruji, magodoro, mara moja jeneza tupu na mara nyingine kwaya nzima. Tena nina cheti. Nilisoma shule ya jioni nikiwa na mvi, katika darasa ambalo mbu walihudhuria kuliko wanafunzi, na naamini wapo mbu walionipita kwa alama. Kwa sababu ya cheti hicho, familia yetu iliamini najua sheria zote za nchi mbili. Kwa hiyo kaka aliponiuliza kama pikapu yaweza kuvuta trela mpaka nyumbani, nilimjibu kwa sauti ya hakimu kwamba yaweza. Gari lina nguvu, njia ni lami, kuna nini tena?

Trela tuliichongesha Katwe. Fundi wetu wa kuchomelea alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri, na alitutengenezea trela ambayo ungeweza kubebea kilima. Alijivunia chuma chake kuliko kazi yake. Katwe kila mteja anaogopa kuuziwa chuma cha kuokota, vitanda vya hospitali vilivyonyooshwa na kupakwa rangi, kwa hiyo fundi mwenye heshima zake hutafuta mihimili ya lori lililokufa, chuma cha kiwandani, na haifuti namba iliyogongwa ubavuni. Namba ndiyo ushuhuda. Mteja anainama, anaiona, anaridhika. Fundi wetu aliisugua namba ile mpaka ikang'aa, kisha akaizungushia duara la rangi nyekundu.

"Angalia, ssebo," akamwambia kaka. "Hiki chuma kina ukoo."

Kaka akainama, akaona, akaridhika. Na mimi mwenye cheti niliinama pia.

Jumatatu ile tukafunga turubai, tukamuaga Hajjat mara ya pili, naye akalia mara ya pili, ingawa kwa machozi machache. Hatukufika mbali. Njia ilikuwa inapanda taratibu kuelekea mjini, pikapu ikilia kama ng'ombe anayezaa, na trafiki mmoja aliyesimama kivulini akanyoosha mkono kwa uvivu, bila hata filimbi. Akaizunguka trela mara mbili. Akauliza pleti ya namba ya trela iko wapi. Nikamweleza kwamba pikapu ina namba, na trela imefungwa kwenye pikapu, kwa hiyo ni mkia wake, na mkia hauna jina lake. Hakucheka. Akachuchumaa, akaliona lile duara jekundu. Fundi angemwekea na taa asingeliona upesi hivyo.

"Hii ni lori," akasema kwa Kiswahili chao cha kikosini.

Nikamwambia ni trela.

"Namba yake ni ya lori. Sasa iko wapi kichwa yake?"

Kaka alifumba macho. Trafiki, bila hasira hata kidogo, akaomba pamiti yangu, yaani leseni yangu ya udereva, akaisoma mbele na nyuma, kisha akanieleza mambo ambayo shule ya jioni haikuyafikia. Kwamba pamiti yangu inaniruhusu gari dogo, pengine na kijitrela kidogo nyuma yake, lakini mzigo kama ule unataka daraja lake peke yake, na daraja hilo lina mtihani wake. Kwamba trela ni chombo kamili mbele ya sheria: inasajiliwa, inakaguliwa, inapewa namba yake. Na kwamba namba ya lori lililokufa, ikitembea barabarani ikiwa chini ya mashine ya mahindi, si jambo la yeye kulimaliza kivulini. Angeweza kutuzuia. Alitazama blanketi la kanisa lililochungulia chini ya turubai, akamtazama kaka, akatuambia tugeuze polepole turudi tulikotoka.

Sikujua kugeuza. Kurudi nyuma na trela ni sayansi ya mashetani: ukikata usukani kushoto, yenyewe inaenda kulia, na ukiisahihisha inakunjama kama kisu cha mfukoni. Tulifunga barabara mpaka, kwa hesabu yangu, msongamano ulionekana Kigali. Mwishowe trafiki mwenyewe alikaa kwenye usukani. Hayo kaka hakuwahi kuyasimulia kwa mtu, na namshukuru.

Ndiyo maana alijifungia chumbani. Utamsalimu vipi mtu aliyekulilia jana?

Nikaanza kuzifuata ofisi. Sitazisimulia zote, kila foleni inafanana na mwenzake, kuna benchi, kuna feni isiyozunguka, kuna mtu mbele yako aliyesahau kitu nyumbani. Afisa wa ukaguzi aliyelipokea jambo letu alikuwa mama mpole mwenye macho yaliyochoka kunishinda. Alisikiliza habari ya fundi na duara lake jekundu, akavua miwani, akazifuta, akazivaa tena.

"Kuifuta hiyo namba ni kosa," akaniambia. "Kuiacha ni uongo."

"Basi tufanye nini, mama?"

"Mrudi kwenye chuma."

Maana yake ilikuwa mihimili ile itolewe na ikabidhiwe, chuma kipya kinunuliwe dukani chenye risiti, trela ifungwe upya, na yeye aione kabla haijapakwa rangi. Nilipompelekea fundi habari hiyo pale Katwe, alikaa juu ya ndoo kama aliyefiwa. Hakukataa kazi. Aliumia tu. Alisema amefanya kazi ya uaminifu maisha yake yote, na leo serikali inamwambia aondoe chuma cha kweli aweke cha duka. Kisha akanipachika jina la Profesa, na tangu hapo kila nilipofika aliwatangazia wenzake kwamba Profesa amekuja kukagua uongo wetu.

Kwanza ilibidi tushushe mashine. Wanaume wa mtaa walioipakia wakiimba waliishusha kimya, kila mmoja akijitahidi asimtazame kaka machoni. Injini ikarudi kibandani, kinu kikarudi kando yake, trela ikaenda Katwe, na kaka akabaki katika chumba kitupu. Kila kitu chake kilikuwa kimefungwa. Siku za mwanzo alikataa kufungua hata furushi moja, akala kwangu. Kisha akafungua gunia la vyombo akatoa sufuria moja. Halafu kijiko. Halafu lile blanketi la kuagwa, maana baridi ilianza. Siku nilipoikuta saa ya ukutani imetundikwa, nilirudi nje nikakaa kwenye pikapu kwa muda bila kuiwasha.

Kanisani hakwenda. Alipita vichochoroni kama mwizi wa kuku. Aliyekutana naye kwa bahati mbaya alisema, "Kumbe bado uko," na kaka akajibu kwamba anamalizia mambo madogo. Mama alipopiga simu alimwambia vilevile. Nilimsikia siku moja akimwambia njia imeharibika. Mama akamuuliza njia gani hiyo inayoharibika mwezi mzima, na kaka akanipa mimi simu.

Hajjat peke yake ndiye hakumwonea haya. "Mzee wa Unga," alimwita kutoka kibarazani kwake, "mimi nimekulilia mara mbili. Ya tatu utalia mwenyewe." Na akampelekea chakula, kimefunikwa kwa kawa jingine, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa bado limo furushini.

Mimi nilijiandikisha kwa mtihani wa lile daraja. Nikakodi trela kuukuu ya kufanyia mazoezi, nikapanga madumu matupu ya mafuta ya kupikia katika uwanja wa nyuma, na kila alasiri nikayaua. Nilikanyaga madumu mpaka yakawa bapa kama chapati. Hajjat alikaa na ungo wake wa njugu akinitazama kama mtu anayetazama mpira. Baba yake alikuwa dereva wa jeshi, mjukuu wa askari waliotoka Sudani wakati wa Waingereza, na kwa maelezo yake mzee huyo alikuwa anarudisha trela kwa kinyumenyume mpaka jikoni bila kuangusha kikombe. Sikubishana naye. Katika kutia chumvi mimi ni mwanafunzi tu. Yule ni mwalimu mkuu.

Kaka alikuja siku moja akasimama kando ya dirisha langu. Alinyoa ndevu siku hiyo, jambo ambalo lilikuwa limeanza kusahaulika.

"Usiangalie usukani," akasema. "Angalia gurudumu la trela unalotaka liende, mkono utafuata."

Nilimuuliza amejulia wapi. Akasema hajui, ila amekaa dirishani siku zote hizi ananitazama nikikosea, na mtu akitazama kosa moja muda mrefu hulielewa. Nilifaulu mtihani. Siwezi kusema nilifaulu kwa fahari. Nilikuwa nimechoka mno kuwa na fahari. Niliposhika pamiti mpya yenye daraja la trela nzito, nilihisi kama mtu aliyekimbilia basi akalipata, akakumbuka mzigo wake umebaki stendi.

Fundi naye alimaliza. Mama mkaguzi alikuja, akainama, akagonga chuma kipya kwa kalamu, akaridhika. Taa zikawaka, indiketa zikafuata, vibati vyekundu vya kung'aa vikabandikwa nyuma. Pleti ikatoka. Kaka alikuja na kitambaa akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Ndipo mama mkaguzi akauliza tutabeba nini. Tukamwambia. Akasema tukapime.

Kwenye mizani tulipakia kinu na injini juu ya trela. Mwenye mizani akasoma, akatutazama, akasoma tena. Mama mkaguzi akaenda kwenye kile kibati kilicho mlangoni mwa pikapu yangu, ambacho katika miaka yote nimekitumia kubandika makaratasi ya maegesho, akakisoma kwa makini. Akatueleza polepole, kama anayempa mtu habari za mgonjwa. Pikapu inaweza kuivuta trela ile, hakuna ubishi. Lakini kushuka mteremko trela ndiyo itakayoisukuma pikapu. Uzito huo unataka trela iwe na breki zake yenyewe, na yetu haina. Kuweka breki ni kubadilisha ekseli, yaani kurudi Katwe, kurudi ukaguzini, kurudi kwenye benchi.

"Gari lako lina nguvu ya kuondoka," akaniambia. "Halina nguvu ya kusimama."

Nikapendekeza injini ipande nyuma ya pikapu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kitanda, kabati, mabati ya mama na maisha mengine yote ya kaka, na springi zilikuwa tayari zimenyooka. Nikapendekeza safari mbili. Kaka akatikisa kichwa, na hapo alikuwa sahihi: vyombo vya nyumbani mpakani huvuka mara moja na mwenyewe. Ukirudi wiki ya pili na injini wewe si mtu anayehama tena, wewe ni mfanyabiashara, na kuna dirisha jingine kwa ajili yako. Nikapendekeza lori la kukodi. Hilo hakutaka hata kulisikia, lori la mtu ndilo lililomleta. Nikasema basi turudi Katwe, tuweke breki, tumesubiri sana, hatutashindwa kusubiri kidogo.

Alikuwa ameegemea trela, kiganja juu ya gurudumu la injini, lile la ubavuni. Mwenye mizani alianza kuita gari lililofuata.

"Bila hii ni uzito gani?" akauliza.

Mwenye mizani akasoma uzito uliogongwa kwenye kibati cha injini, akautoa kwenye jumla. Mama mkaguzi akasema hapo hakuna shida, hapo ni trela ndogo tu, iende.

"Nyumbani stima imefika," kaka akasema. Alikuwa akiniambia mimi, lakini hakunitazama. "Mama alisema. Kinu kitazungushwa na mota ya umeme. Nitafika kimya, basi."

Nilitaka kumkumbusha ile ahadi, kwamba mama atasikia. Aliijua kuliko mimi.

Tuliirudisha injini kibandani kwa Hajjat. Kaka alimwambia amwachie atakayempenda, aikodishe, aiuze, afanye atakavyo. Hajjat alisema hataiuza. Kila siku ya Mungu, alisema, akishamaliza swala ya alfajiri hulala kidogo, na mashine ile ndiyo inayomwamsha. Tangu iliponyamaza amekuwa akiamka jua likiwa limemkalia usoni, mtu mzima anadharaulika. Atatafuta kinu kingine na mtu wa kukiendesha. Kisha akamuuliza kaka inawashwaje. Kaka akaanza kumwonyesha, mkono wa kuwashia, tangi, mahali pa grisi, na katikati ya maelezo akaanza kujifuta macho kwa mkono wenye grisi. Hajjat akatazama pembeni, kwenye njugu zake. Hakumtania.

Tuliondoka bila ibada. Kwenye kivuli kile cha njiani, trafiki alikuwa mwingine, alitupungia tupite. Mpakani afisa mmoja kijana aliikagua pleti ya trela, akaniomba pamiti. Nilimpa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mtoto abatizwe, nikamwonyesha kwa kidole lile daraja jipya asije akalikosa. Akachungulia trela, akaona kinu kimoja chini ya turubai.

"Hii ndogo," akasema. "Ungekuja tu na ile ya kawaida, mzee."

Nilimtazama kaka. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, bila sauti, mpaka akajishika mbavu na mgongo kwa pamoja. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Jumapili ile ya mbuzi. Nami nikacheka, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, na afisa akarudisha pamiti yangu haraka, akadhani tumelewa.

Mama alitupapasa nyuso zote mbili. Kisha akapapasa kinu, kila upande, akafika mahali ambapo mkanda huunganishwa na injini, mkono wake ukabaki hewani.

Nilirudi Kampala na trela tupu ikirukaruka nyuma yangu kama mbuzi aliyekata kamba, halali kabisa, na dereva mwenye daraja la juu kuliko mzigo wake. Majuma machache baadaye nikaamshwa alfajiri na ngurumo. Hajjat alikuwa amepata mtu. Nilitoka na blanketi mabegani, nikampigia kaka, nikasimama mlangoni mwa kibanda na kuishikilia simu mbele ya injini mpaka mkono ukaniuma.

Nilipoirudisha sikioni nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa kando yake, taratibu, "Sikia, mama. Hiyo ndiyo." Kisha akarudi kwangu.

"Mkanda umelegea," akasema. "Mwambie huyo mtu aukaze."